Kukabidhi Kazi za Kompyuta kwa Mtoa Huduma wa Nje: Somo kutoka Ngara na Biharamulo

Chama cha ushirika kinachonunua kahawa wilayani Ngara, au duka la jumla mjini Biharamulo, hakiwezi kuendeshwa bila hesabu sahihi. Hesabu hizo zikitunzwa kwa kompyuta, njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua mitambo, kuajiri fundi na kuendesha kazi yote nyumbani. Ya pili ni kumlipa mtoa huduma wa nje, ambaye seva na programu zake ziko mbali, pengine Dar es Salaam au ng'ambo. Njia ya pili hupunguza gharama ya kuanzia na humwezesha mtumiaji mdogo kupata utaalamu asioweza kuuajiri. Hata hivyo, inafaa kuchunguza ni kitu gani hasa kinachokabidhiwa.

Funzo la historia

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, baada ya mradi wa hesabu za serikali uliotegemea wataalamu wa kigeni kushindwa. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, lakini funzo lake lingali hai: asiyeielewa kazi yake mwenyewe hawezi kumsimamia aliyemkabidhi.

Safari ya taarifa

Tangu mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zimeiunganisha Dar es Salaam na dunia, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mipakani Rusumo na Kabanga, yote miwili wilayani Ngara. Ndani ya uzi wa kioo, mwanga husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwa njia yenye urefu wa kilometa 1,500, muda wa kwenda ni 1,500 ÷ 200,000 = sekunde 0.0075. Ni dhahiri kwamba umbali peke yake si kikwazo kikubwa.

Mnyororo wa viungo vitatu

Kikwazo hutokana na kukatika kwa huduma. Ili karani ampe mkulima stakabadhi, sharti umeme, njia ya mawasiliano na seva vifanye kazi kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilipata umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Hivyo kiungo cha umeme hakiwezi kupuuzwa.

Kwa mfano, ichukuliwe kwamba umeme hupatikana kwa asilimia 95 ya muda, mawasiliano asilimia 99, na seva asilimia 99.9 kama mkataba unavyoahidi. Iwapo hitilafu za viungo hivyo hazitegemeani:

0.95 × 0.99 × 0.999 = 0.94 (takriban)

Basi kwa asilimia 6 ya mwaka, yaani kama siku 22, karani hawezi kufanya kazi, ingawa mtoa huduma hajavunja ahadi yake. Mtoa huduma akiiboresha seva kufikia asilimia 99.99, matokeo yatabaki karibu 0.94. Lakini chama kikinunua betri na paneli za jua, umeme ukafikia asilimia 99, matokeo yatakuwa 0.979, na siku za kusimama zitapungua hadi 8 hivi. Dawa ya tatizo iko nyumbani, si kwa mtoa huduma.

Wajibu haukabidhiwi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hutofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake. Chama kilichoandikisha wakulima ndicho mkusanyaji, nacho hubaki na wajibu wa kulinda taarifa zao hata zikiwa katika seva ya mwingine. Kwa hiyo mkataba ueleze nakala za hesabu zitatolewa vipi mkataba ukiisha, na daftari la stakabadhi liwepo kwa siku ya giza. Mkulima aliyeleta kahawa yake hadai malipo kwa seva. Hudai kwa chama.

Zoezi

1. Asilimia 99.9 ya mwaka huruhusu saa ngapi za kusimama?
2. Njia mbili za mawasiliano, kila moja ya asilimia 99, hutumika pamoja. Uwezekano wa zote kukatika ni upi? Eleza kwa nini jibu hilo halifai ikiwa zimefukiwa katika mtaro mmoja.