Jengo Linakuwaje Alama ya Taifa?

Ndugu msomaji, kabla hujaanza somo la leo, tia mkono mfukoni au fungua fundo la kanga. Kama unayo noti ya shilingi 1,000, itoe. Upande mmoja utaona sura ya Mwalimu Nyerere. Sasa igeuze. Unaliona lile jumba? Hiyo ni Ikulu ya Dar es Salaam. Wengi wetu hapa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hatujafika hata kwenye lango lake. Lakini kila siku ya gulio tunaishika nyumba hiyo mkononi, tunanunulia chumvi na sabuni.

Nchi hii ina nyumba nyingi. Kwa nini hii ndiyo ikachorwa kwenye fedha?

Tuanze na jina lake. Neno "ikulu" halikutoka pwani, wala halikuletwa na meli. Limetoka katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma. Ukimwuliza mzee wa Ntuzu, Dutwa au Kanadi atakwambia kuwa ikulu ni makazi ya mtemi. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963, lakini neno lake lilikuwa limeshapanda cheo. Kwa hiyo mtangazaji wa redio anaposema "Ikulu imetoa taarifa", anatumia neno la bibi yako.

Jengo lenyewe lina historia ya kukwaruzana. Wajerumani walijenga hapo nyumba ya gavana wao. Mwishoni mwa mwaka 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ikabomoka. Waingereza wakaijenga upya, wakamaliza mwaka 1922, na gavana wao akakaa humo. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, nyumba ikawa ya Watanganyika. Mwalimu mwenyewe alipenda zaidi kuishi kwake Msasani, akaenda Ikulu kufanya kazi. Tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma. Jina likasafiri tena, safari hii kurudi bara.

Basi hapo tumepata jambo la kwanza. Jengo halizaliwi likiwa alama. Mawe ya gavana na mawe ya Rais ni yale yale. Kilichobadilika ni mwenye nyumba, na yale watu wanayoyakumbuka wakiitazama.

Sasa tazama sanamu. Katikati ya Dar es Salaam kuna sanamu ya askari mweusi, ameshika bunduki yenye singe. Watu wanaiita Askari tu. Mahali hapo zamani palikuwa na sanamu nyingine, ya gavana wa Kijerumani aliyeitwa Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji waliiondoa. Ikapelekwa Ulaya, ikasimamishwa tena katika mji wa Hamburg kule Ujerumani. Huko nako wanafunzi waliiangusha, mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Sanamu ni ile ile, shaba ile ile, lakini hakuna aliyeitaka.

Askari aliwekwa mwaka 1927 na bado yupo. Aliwekwa kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika vita ile. Mimi huwa namwangalia kwa heshima, lakini nina kinyongo kidogo. Wako wapi wapagazi? Vita ile ilibebwa kichwani. Watu wengi wa bara walichukuliwa kubeba risasi na vyakula, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Sanamu ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Yetu ya Dar es Salaam inamwonyesha askari peke yake.

Lakini ngoja. Wapagazi hawakusahauliwa kabisa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyo hiyo unayoijua, inakokwenda michele yetu na dengu zetu! Walikaa kambini hapo, na jina likabaki.

Soko kubwa la Kariakoo lilifunguliwa mwaka 1975. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake lina maumbo kama miavuli iliyopinduliwa, ili maji ya mvua yateremke na kuhifadhiwa chini. Sisi wa Meatu tunaojua ukame tungemwelewa mara moja. Hakuna aliyetangaza kwamba soko ni alama ya taifa. Lilipata heshima kwa kutumika, mzigo baada ya mzigo. Liliposhikwa na moto tarehe 10 Julai 2021, mimi nilikuwa Bariadi mjini. Watu ambao hawajawahi kupanda basi la Dar es Salaam walisimama mbele ya duka kusikiliza redio, kimya kama msibani.

Hata huko Ulaya mambo ni hayo. Mjini Paris, Ufaransa, kuna mnara wa chuma unaoitwa Mnara wa Eiffel. Ulijengwa mwaka 1889 kwa ajili ya maonyesho, na ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Waandishi na wachoraji wenye majina makubwa walikuwa wameupinga, wakasema utaharibu mji. Ukaponea kwa sababu ulifaa kufungiwa mitambo ya redio. Leo Mfaransa akiuona kwenye picha anajua kwao ni wapi.

Lipo pia jambo la kutunza. Unguja kuna jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na kila mtoto wa Zanzibar analijua. Umaarufu haukulizuia kuoza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Jirani yake ni Ngome Kongwe, ile iliyo nyuma ya noti ya shilingi 2,000. Ngome hiyo imewahi kuwa jela, ikawahi kuwa karakana ya treni, na leo watu wanakwenda kusikiliza muziki humo. Inapata kazi kila zama, ndiyo maana inazibwa nyufa.

Haya, turudi nyumbani. Kijiji kimoja cha wilaya ya Bariadi kina darasa la kisomo ninalolitembelea. Darasa linakaa katika ghala kuukuu la mawe, la chama cha msingi. Kwenye boriti bado ipo kulabu ya chuma ya kutundikia mizani ya pamba. Mizani hiyo ina maana kubwa katika Usukuma. Miaka ya 1940 na 1950 wakulima walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Ndipo Paul Bomani na wenzake wakaunganisha wakulima, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaunda umoja wao mkubwa wa Victoria Federation. Fedha za pamba na watu wa ushirika vilisaidia sana harakati za uhuru upande huu wa ziwa.

Sasa serikali ya kijiji inataka kulibomoa ghala. Mawe yake yatajenga msingi wa zahanati. Nilipouliza darasani, mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, baba yangu alipimiwa pamba hapo. Mkibomoa, wajukuu nitawaonyesha nini?" Mama mmoja akamjibu palepale, "Baba, mimi mkwe wangu alijifungulia njiani. Waonyeshe zahanati." Darasa likanyamaza. Na mimi nikanyamaza, maana wote wawili wamesema kweli.

Niliwasomea sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ghala letu ni la juzi tu. Majengo mengine Waziri anaweza kuyatangaza kuwa kumbukumbu, lakini lazima watu waandike na kuomba, na waeleze sababu. Wanaweza kuanzia kwa Afisa Utamaduni wa wilaya.

Wengine walitaja Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza. Huko Padre David Clement na wazee wa Kisukuma walikusanya ngoma na vifaa vya watemi, na jengo moja likajengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Leo watu hutoka mbali kwenda kuangalia. Mzee yule akasema, "Unaona? Na wao walianza na vitu vya ndani ya nyumba."

Mkutano mkuu wa kijiji utakaa baada ya kuuza pamba. Mimi si mkazi wa kijiji hicho, sina kura. Lakini juma lililopita yule mama aliyemjibu mzee alinipa karatasi niipeleke kwa Mwenyekiti. Ameiandika kwa mkono wake, herufi kubwa, mistari mitatu. Anaomba mawe yachukuliwe, ila boriti yenye kulabu isichomwe kuni. Iwekwe juu ya mlango wa zahanati, na pale watoto wachanga wapimwe uzito.

ZOEZI. Someni somo hili kwa sauti katika kikundi chenu. Kisha tajeni jengo, mti au jiwe moja la kijijini kwenu ambalo kila mtu analijua. Nani alilijenga au kulipanda? Jambo gani lilitokea hapo? Nani analitunza sasa? Kila mmoja aandike mistari mitano, na aliye na mzee nyumbani amwulize kwanza kabla ya kuandika.