Ukungu wa Ukutani Unaotokana na Kiyoyozi Kinachovuja

Watumishi wa Serikali na wakaazi wenye viyoyozi wanakumbushwa kuwa ukungu mweusi unaotokea chini ya mashine mara nyingi hautokani na mvua, hata katika miezi ya masika. Hewa ya Visiwani imejaa unyevu. Ikigusa mirija baridi ya kiyoyozi unyevu huo hugeuka matone, yakakingwa na sinia na kutoka nje kwa mpira. Mpira ukizibwa na vumbi na ute, au ukiwekwa bila ya mteremko, maji hurudi ndani. Ukuta uliorowa huweza kuota ukungu baada ya saa 24 hadi 48.

Kupaka rangi juu yake ni kuficha ugonjwa. Kwanza umeme wa mashine uzimwe, mpira uzibuliwe na kichujio kioshwe. Kisha ukuta usuguliwe kwa maji ya sabuni, madirisha yakiwa wazi. Ukungu usifagiwe ukiwa mkavu, kwani vumbi lake huwadhuru wenye pumu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki wala amonia. Hutoa hewa ya sumu.

Nyumba za mawe na chokaa, kama zilivyo nyingi za Mji Mkongwe, zahitaji uangalifu zaidi. Kuta hizo hunywa maji mengi na hukauka kwa kupumua. Zikipigwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu hufungika ndani na kuozesha boriti. Ukuta uachwe ukauke kabisa, hata kwa wiki kadhaa, ndipo upakwe chokaa. Godoro lililoota ukungu ni bora litupwe.