Neno "Fine" Lina Maana Nyingi

Leo tujifunze neno moja la Kiingereza, nalo ni "fine". Shuleni tulifundishwa kujibu "I am fine", yaani hatujambo. Tusidhani maana imeishia hapo.

Kijana mmoja wa hapa Kalangalala alituletea karatasi aliyokwisha kutia sahihi. Iliandikwa "fine" mbele ya kiasi cha fedha, naye akadhani ni malipo mazuri. Kumbe ilikuwa faini, tena ya kulipa yeye! Alifanya kibarua miezi mitatu kuimaliza.

Asili ya neno hili ni Kilatini, "finis", maana yake mwisho. Faini ni malipo ya kumaliza shauri. Na kitu kilichokamilika vizuri nacho huitwa "fine". Ndiyo maana "fine gold" katika Zaburi ya 19 ni dhahabu safi. Lakini katika uchimbaji, "fine gold" ni chembe ndogo kama unga, ambazo huchukuliwa upesi na maji. Vivyo hivyo "fine print" ni yale maandishi madogo ya mkataba, na humo ndimo masharti mazito hujificha.

Basi tulitazame neno pamoja na majirani zake: linasema juu ya afya, dhahabu, fedha au maandishi? Tukishindwa, tuulize kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si ujinga.

Zoezi: Katika Biblia ya Kiingereza, Walawi mlango wa 2, tunasoma "fine flour". Je, ni unga wa namna gani?