Ualbino, Jua na Hofu ya Kurithi

Katika kata ya Samuye, mkoani Shinyanga, msimu wa palizi ya pamba huwakuta watu wazima na watoto shambani, na jua la saa sita huwapiga wote sawasawa. Kwa mkulima mwenye ngozi nyeusi jua hilo ni adha. Kwa mwenzake mwenye ualbino ni chanzo cha saratani.

Ualbino ni hali ya kurithi ambamo mwili hautengenezi melanini ya kutosha, yaani ile rangi ya ngozi, nywele na macho ambayo pia huzikinga seli na mionzi ya jua. Hapana budi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa hata madarasani. Kinachorithiwa ni upungufu wa melanini, sio saratani. Saratani hutokana na madhara ya jua yanayolimbikizwa tangu utotoni, hasa usoni, masikioni na shingoni. Kwa sehemu kubwa yaweza kuzuiwa.

Mtoto wa namna hii azaliwapo, lawama humwangukia mama: amezini, au ukoo wake una laana. Elimu ya viumbe yakanusha. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi nchini Tanzania yatokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, na mtoto huwa na ualbino apatapo nakala yenye hitilafu kutoka kwa kila mzazi. Baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amechangia nusu kamili.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu ifuatayo. Hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 nchini ana ualbino. Kipeuo cha pili cha 1,400 ni kama 37. Hivyo nakala 1 kati ya 37 ina hitilafu, na takriban mtu 1 kati ya 19 huibeba pasipo kujua. Wazazi wawili wa namna hiyo wana uwezekano wa robo katika kila mimba. Ndugu asiye na ualbino ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa mbebaji. Hata hivyo, akioana na mtu asiye wa ukoo wake na asiye na ualbino, uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni kama 1 kati ya 114 tu. Wachumba wangapi wameachwa kwa hofu isiyopimwa!

Iko imani ya zamani kwamba zeruzeru (neno ambalo wengi wao hulichukia) hafi, bali hutoweka. Yaelekea imani hiyo ilijengwa juu ya jambo la kweli: wazee wenye ualbino walionekana kwa nadra, kwa kuwa saratani iliwaua wengi wangali vijana, na wengine walifichwa majumbani. Tangu mwaka 2007 hivi, imani nyingine, ya kwamba viungo vyao huleta utajiri, ilisababisha mauaji katika Kanda ya Ziwa. Mwezi Septemba 2009 mahakama mjini Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kosa hilo. Watoto wengi walipelekwa shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, wapate ulinzi. Wakaokoka, lakini baadhi yao walikua mbali na wazazi, na mtoto aliyetengwa hivyo aweza kuamini kwamba amekataliwa.

Hofu hiyo huingia hata katika tiba. Mtu aliyezoea kujificha huficha pia kidonda chake, huogopa safari ya Bugando au Ocean Road, na hufika wakati umekwisha pita ambapo upasuaji mdogo ungetosha. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa majuma manne chapasa kuonyeshwa kwa daktari.

Shuleni mahitaji ni machache: kofia pana, mikono mirefu, gwaride na michezo asubuhi au jioni, na kiti cha mbele, kwani macho yao pia huona kwa shida. Kanuni inayomkataza mwanafunzi huyu kuvaa kofia haina utetezi wowote. Losheni ya kukinga jua imepata kutengenezwa hapa nchini, huko KCMC Moshi, lakini haifiki kila kijiji. Nguo nzito na kivuli hupatikana hata Samuye.