Haki Haichagui Kabila: Funzo la Mahakama ya Bosnia

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), twapenda katika darasa hili kuzungumza juu ya jambo ambalo Waislamu wengi wa miji yetu ya pwani hulitaja kwa huzuni, walakini ni wachache walipimao kwa mizani ya dini. Nalo ni mahakama iliyowahukumu waliofanya maovu katika vita vya Bosnia, vya mwaka 1992 hata 1995.

Mahakama hiyo iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi wa Mei 1993, makao yake yakawa The Hague, Uholanzi. Ilifungwa mwisho wa mwaka 2017, baada ya kuwashitaki watu 161. Habari ya Srebrenica wengi wetu twaijua. Mji huo ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa ni mahali pa amani. Kisha tarehe 11 Julai 1995 ukatekwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia, na kwa muda wa siku chache wakauawa wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000. Wauaji wakayafukua makaburi kwa mitambo na kuihamisha miili ili kuficha kitendo chao. Lakini wapelelezi walilinganisha udongo wa kaburi na kaburi, na askari mmoja miongoni mwa wauaji, Dražen Erdemović, akakiri mwenyewe mbele ya mahakimu mwaka 1996. Jemadari wao, Ratko Mladić, alijificha miaka mingi, akakamatwa mwaka 2011, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2017, na rufani yake ikakataliwa mwaka 2021.

Hapa yatokea masuala mawili.

La kwanza: Je, yafaa Muislamu kuitafuta haki yake katika mahakama isiyokuwa ya Kiislamu? Jawabu yetu ni kuwakumbusha ndugu zetu mkataba wa Hilful Fudhul. Mgeni kutoka Yaman aliuza bidhaa yake Makka, na bwana mmoja wa Kikureshi akamzuilia thamani yake. Wakakutana Makureshi kadha wa kadha nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Mtume (S.A.W.) alihudhuria mkataba ule kabla ya kupewa utume, na baada ya kuja Uislamu aliusifu, akasema kuwa lau angeliitwa kwa mfano wake angeliitika. Waliouasisi hawakuwa Waislamu. Basi kumwondolea mtu dhulma hakugeuki kuwa kubaya kwa sababu ya dini ya aliyemwondolea.

Suala la pili ndilo zito zaidi: Je, itakuwaje mahakama hiyo hiyo ikimtia hatiani Muislamu? Jambo hili limetukia. Katika kijiji cha Čelebići, karibu na mji wa Konjic, mwaka 1992 walifungwa Waserbia katika kambi iliyolindwa na Waislamu na Wakroati. Baadhi ya wafungwa waliuawa, wengine wakateswa. Tarehe 16 Novemba 1998 mahakama ilimhukumu Hazim Delić, naibu wa mkuu wa kambi, miaka 20, ikapunguzwa baadaye kuwa 18. Na mlinzi Esad Landžo miaka 15. Wote wawili ni Waislamu.

Wako wasemao: "Hii ni hila ya kuwalinganisha walioonewa na wadhalimu." Twajibu kuwa hukumu ya Čelebići haikupunguza hata kaburi moja la Srebrenica. Mfungwa aliye mikononi mwa Muislamu ni amana, na amwuaye ameikhini amana hiyo, hata kama ndugu zake mfungwa wametuchomea nyumba zetu. Tusipokubali haya, basi tunachokitaka si haki, ni kisasi.

Tena dalili ni wazi. Wafasiri wametaja katika sababu ya kushuka aya za Suratin Nisaa, kuanzia aya ya 105, kuwa mtu wa Madina aitwaye Tu'ma aliiba deraya, kisha ikaonekana kwa Myahudi mmoja. Jamaa zake Tu'ma wakaja kumtetea kwa Mtume, nao wajua ukweli. Zikashuka aya zikamtakasa Myahudi na kumfedhehi aliyejiita Muislamu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tushuhudie kwa haki, ijapokuwa ushahidi huo watudhuru sisi wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu.

Na tusidhani kuwa funzo hili ni la Bosnia tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika nchi yetu hii waliuawa watu zaidi ya 1,100, wengi kwa sababu ya kabila zao. Watu sita walishitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na hakuna kesi yao hata moja iliyofikia hukumu; ya mwisho ilikatizwa Aprili 2016. Mashahidi walirudi nyuma, na hakimu mmoja akaeleza wazi kuwa mashahidi waliingiliwa. Hatumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Twasema tu kuwa mahakama bila ya shahidi ni kama mizani bila ya mawe: haipimi kitu. Waliofiwa waliondoka mikono mitupu, hawajui hata leo nani aliyewaulia watu wao.

Basi, ndugu zetu, kila mmoja ajiulize: lau mwuaji angekuwa ni wa mtaa wetu na wa ukoo wetu, na aliyeuawa ni mgeni asiye na mtu, je, tungelisimama kusema tuliyoyaona? Anayeficha ushahidi, Qur'ani imesema kuwa moyo wake una dhambi. Mwenye kulilia Srebrenica na ajitayarishe kwa siku hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhulma, na atupe nguvu ya kuisema haki juu ya nafsi zetu. Amin.