Pima Udongo Kabla ya Kulaza Bomba

Tulipofukua bomba la chuma liletalo maji msikitini kwetu, kandokando ya hori kusini ya Tanga, tulilikuta limetoboka kama chujio pale liingiapo udongo mweusi wa mikokoni, ilhali upande wa mchangani rangi ya kiwandani ingali dhahiri. Mwenye duka, aliyetuapia kwamba bidhaa yake haishiki kutu, alisingizia chumvi ya kisima. Nami siikubali kauli hiyo, kwani bomba lililiwa kutoka nje, si ndani.

Mchanga hupitisha hewa, udongo mzito uliolowa hauipitishi, na bomba likilala katika ardhi zote mbili hugeuka betri: umeme hutoka upande usio na hewa, nao huondoka na chuma. Tena mikokoni wamo bakteria waishio pasipo hewa, ambao alama yao ni weusi juu ya chuma na harufu ya mayai viza.

Basi hatua ni tatu. Ya kwanza, azima kwa fundi umeme kipimo cha erthi chenye nyaya nne, uchomeke vijiti vinne kwa mstari ulionyooka, visizame zaidi ya sentimita 7, na nafasi baina yao iwe sawa na kina cha bomba, kwani kipimo husoma ardhi takriban hadi kina hicho. Ikiwa bomba la zamani lingalimo, mstari ulikingame, usiende sambamba nalo, la sivyo utapima chuma badala ya udongo. Zidisha omu kwa nafasi hiyo ya mita, kisha kwa 6.28. Kwa nafasi ya mita 1.5, mchangani tulipata zaidi ya omu-mita 100. Mikokoni kipimo kilisoma 0.9, yaani omu-mita 8 na nusu, udongo mkali mno. Pima masika, kiangazi ardhi kavu hudanganya.

Ya pili ni utepe wa lami, ambao kila fundi aujua. Ya tatu ni mapande ya kinga, yaliwayo badala ya bomba: muuzaji mmoja alishikilia tununue magnesiamu, ambayo katika udongo kama ule hutoa umeme kwa israfu na huisha upesi. Tukataka zinki, ndani ya mifuko ya jasi na bentonaiti, naye akadai mifuko ni urembo tu. Tulimwacha, tukanunua kwingine kwa bei ya juu, tukayazika mikokoni.

Ijumaa baada ya swala tulisimamisha ardhini chupa ya mrututu yenye kijiti cha shaba, tukaunganisha mita kati yake na bomba, ikasoma volti -1.02, ilhali kikomo cha kinga alichokipata kwa majaribio Robert Kuhn, aliyelinda mabomba ya gesi New Orleans mwaka 1928, ni -0.85. Mzee ashikaye ufunguo wa pampu ameomba afundishwe kupima mwenyewe kila masika.