Diske za freni zenye matundu: zinafaa kwa motokari yako?

Ndugu mfanyakazi, watu wanakuambia kwamba diske zenye matundu zitasimamisha motokari yako upesi zaidi. Kabla ya kutoa franga, sikiliza.

Zamani plakete zikipata moto mwingi zilitoa gazi, nayo ilizuia plakete kushika diske. Matundu yalitobolewa ili gazi itoke. Plakete za sasa hutoa gazi kidogo sana. Faida inayobaki ni ndogo, hasa diske ikilowa maji. Lakini kila tundu hupunguza chuma cha kupokea moto, na mara nyingi diske huanza kupasuka penye tundu. Katika njia za udongo za Mwadingusha, potopoto na vijiwe huziba matundu na kula plakete.

Basi, fanya hivi:

1. Ukitelemka na mzigo, tia vitesi ndogo tangu juu. Acha motere ishike motokari.

2. Badilisha mafuta ya freni kila miaka 2, maana hunywa maji ya hewa. DOT 4 mpya huvumilia angalau digrii 230. Ikiisha kunywa maji inaweza kuchemka kwa 155. Hapo pedale huzama, freni haishiki.

3. Usipulize vumbi la freni. Plakete za zamani zaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Nawe mama, fua nguo za garaje mbali na za watoto.

Diske nzima isiyolika, na shofere asiye na haraka: ndivyo baba anavyofika nyumbani.